UZI: Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haubadiliki, muda ndio unaobadilika. Tujifunze kuupigia hesabu wenyewe

Mpima Anga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo nimeamua kuuandika wote, kwa hiyo tuvumiliane, ni mrefu.

Kuna swali linaulizwa kila siku mitandaoni: kutoka uwanja fulani mpaka uwanja fulani ni kilomita ngapi, na ni masaa mangapi? Ukiliandika popote unapewa namba mbili papo hapo, zimekaa pamoja kana kwamba zina uzito sawa. Hazina. Namba ya kilomita unaweza kuishika na kutembea nayo. Ile ya masaa mara nyingi imepatikana kwa kuchukua kilomita na kuzigawanya kwa mwendo mmoja tu, labda 800 au 900 kwa saa, kisha ikaongezwa nusu saa ya kupanda na kushuka. Haijui upepo unavumia wapi, haijui anga ya nchi gani imefungwa, haijui kama uwanja uko juu mlimani. Na watu wanapanga safari zao juu ya namba hiyo.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisafiri mbali, kuelekea mashariki, nikafika dakika 25 kabla ya muda. Kurudi nilikuwa nimekata tiketi mbili zisizohusiana, na kati ya kutua kwa ndege ya kwanza na kuondoka kwa ya pili niliacha masaa mawili. Niliona yanatosha kabisa, maana wakati wa kwenda tuliwahi. Kurudi tukapigana na upepo njia nzima, tulipofika juu ya uwanja tukazungushwa hewani kusubiri zamu, tukatua tumechelewa dakika 70. Mpaka napita uhamiaji na kuchukua mzigo, kaunta ya ndege ya pili imeshafungwa. Tiketi zikiwa mbili tofauti, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunibeba. Nililipa upya, na usiku ule nililala kwenye kiti cha uwanja wa ndege. Iliniuma sana, na tangu hapo nikaanza kulisoma jambo hili kwa makini.

Tuanze na umbali, kwa sababu huo ndio ulio mwepesi.

Dunia ni tufe. Njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, yaani lile duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kama una tufe la kufundishia jiografia, chukua uzi, ushike ncha moja kwenye uwanja wa kwanza na nyingine kwenye uwanja wa pili, kisha uvute mpaka ukaze. Pale uzi ulipolala ndipo njia fupi inapopita. Kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyohiyo inaonekana imepinda kama upinde, na mtu anauliza kwa nini rubani anazunguka. Hazunguki. Ramani ndiyo iliyonyoosha dunia isivyo. Ramani tuliyoizoea ni ya mtindo wa Mercator, wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia wanaofuata dira. Inavuta maeneo ya karibu na ncha mpaka Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Ramani inayokosea hivyo kwenye ukubwa usiitegemee kwa njia za ndege. Ndege ya kutoka New York kwenda Hong Kong inaweza kupita jirani na Ncha ya Kaskazini, na hiyo ndiyo njia ya mkato.

Sasa hesabu yenyewe. Mwenye kikokotoo chenye saini na kosaini anaweza kuifanya mezani. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili. Unazidisha saini za latitudo zote mbili. Pembeni unazidisha kosaini za latitudo zote mbili, na jibu unalizidisha tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha hayo majibu mawili, kisha tafuta pembe ambayo kosaini yake ni jumla hiyo. Pembe hiyo, kwa nyuzi (yaani digrii), zidisha kwa 111.2, kwa kuwa uzi mmoja, yaani digrii moja, wa duara kuu ni takriban kilomita 111.2. Kumbuka tu kwamba latitudo ya kusini na longitudo ya magharibi huwekwa alama ya kutoa.

Tuchukue London Heathrow na Singapore Changi. Heathrow iko nyuzi 51.47 kaskazini na 0.46 magharibi. Changi iko 1.36 kaskazini na 103.99 mashariki. Tofauti ya longitudo ni 104.45. Sehemu ya kwanza inatoka 0.0186, ya pili inatoka 0.1554 yenye alama ya kutoa, jumla ni kutoa 0.1368. Pembe yake ni nyuzi 97.86. Zidisha kwa 111.2 unapata kilomita 10,882. Linganisha na namba za tovuti yoyote nzuri, hamtapishana kwa kitu cha kukusumbua.

Hapa kuna mtego mdogo unaowachanganya wengi, nao ni wa vipimo. Marubani wanatumia maili ya baharini, yenye mita 1,852. Maili ya barabarani ina mita 1,609. Safari hiyohiyo ya Heathrow na Changi ni takriban maili 5,876 za baharini au maili 6,762 za nchi kavu. Ukiona tovuti mbili zinapishana kwa karibu maili 900, kabla hujasema moja inadanganya, angalia kwanza kila moja imetumia maili gani.

Umbali una kikomo pia. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000, hivyo hakuna viwanja viwili vinavyoweza kuachana zaidi ya kilomita 20,000 hivi. Ukikuta mtu anakwambia kuna safari ya moja kwa moja ya kilomita 25,000 kwa njia fupi, huyo amekosea hesabu.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye masaa, na huku ndiko kwenye kazi.

Ndege kubwa ya masafa husafiri kwa takriban asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kwa baridi iliyoko kule juu, kwenye kilomita 11 hivi, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini huo ni mwendo wake ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Mwendo wake juu ya ardhi ni huo 900 ukijumlisha au kutoa upepo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mito ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, na pengine hupita kilomita 300 kwa saa. Inatokana na tofauti ya joto kati ya kanda za joto na kanda za ncha, pamoja na mzunguko wa dunia, na majira ya baridi, tofauti hiyo inapokuwa kubwa, mito hii huwa na nguvu zaidi.

Mfano ulio wazi ni New York na London, kilomita 5,540. Kwenda mashariki watu huzoea masaa sita na nusu hadi saba. Kurudi magharibi ni kama masaa manane. Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56. Hiyo ni ndege ya kawaida ya abiria, siyo Concorde. (Concorde yenyewe mwaka 1996 iliimaliza safari hiyo kwa masaa 2, dakika 52 na sekunde 59, lakini ile ilikuwa inakwenda mara mbili ya mwendo wa sauti.) Umbali ule ule, uwanja ule ule, na masaa yanapishana hivyo.

Na wengi hudhani upepo unaokunyang'anya wakati wa kwenda utakulipa wakati wa kurudi. Haulipi wote. Chukua kilomita 5,540 na ndege ya 900. Bila upepo, kwenda na kurudi ni masaa 12 na dakika 19. Weka upepo wa 100. Kwenda unatumia masaa 5 na dakika 32, kurudi 6 na dakika 55. Jumla 12 na dakika 27 na ushee. Kama dakika tisa zimepotea, kwa sababu unakaa kwenye upepo mbaya muda mrefu kuliko unaokaa kwenye ule mzuri.

Nitaendelea na mambo ya anga zilizofungwa. Kwanza niwasikie.

Kaskazi Njema

Mkuu, ahsante kwa darasa. Wanamaji wa majahazi walishalijua hili zamani: ukiwaambia umbali, wao wanakuuliza msimu, ni kaskazi au kusi.

Swali langu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kwa nini ndege inayokwenda magharibi isiwahi kufika, maana dunia inamletea uwanja chini yake? Hapa mbona ni kinyume?

Mpima Anga

Kaskazi Njema, swali zuri, nami lilinisumbua muda mrefu. Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege vilevile. Hata ikiwa imeegeshwa kwenye uwanja ulio ikweta, tayari inakwenda mashariki kilomita 1,670 hivi kwa saa pamoja na ardhi. Ikiruka haiuachi mwendo huo chini. Ni kama mtu anayetembea ndani ya treni: akirudi nyuma hatua kumi, behewa halimkimbii. Kwa hiyo mzunguko wa dunia haukupunguzii wala kukuongezea masaa moja kwa moja. Unachofanya ni kusaidia kuuelekeza upepo wa juu uende mashariki, na upepo huo ndio unaokugusa.

Namba Hazidanganyi

Nina marekebisho, mkuu, kwa heshima. Umesema dunia ni tufe. Siyo tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Nusu ya kipenyo chake pale ikweta ni kilomita 6,378, kwenye ncha ni 6,357. Ile 111.2 yako inatokana na wastani wa 6,371. Kwa safari ndefu unaweza kukosea mpaka karibu nusu ya asilimia.

Mpima Anga

Nimepokea, na ni kweli. Kwa kilomita 10,882 nusu ya asilimia ni kama kilomita 54, yaani dakika tatu na nusu za ndege. Mwenye kuchora njia za marubani anahitaji umbo halisi la dunia, na kuna fomula ndefu zaidi kwa kazi hiyo. Kwa msafiri anayepanga, tufe linamtosha kabisa. Nashukuru umeliweka wazi, nilipaswa kulisema mwanzoni.

Mpanga Njia

Habari za humu. Nimefanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa miaka kadhaa, naomba nichangie mambo ambayo abiria hayaoni.

Kwanza, njia fupi kwenye tufe karibu haisafirwi ilivyo. Kila siku tunachora upya kulingana na upepo wa siku hiyo. Mfano mkubwa ni Singapore na New York, safari ndefu kuliko nyingi zilizopo, ambayo Singapore Airlines huifanya kwa Airbus A350-900ULR. Kwa duara kuu ni takriban kilomita 15,300, na njia hiyo inapita kwenye maeneo ya Ncha ya Kaskazini. Lakini kwenda New York ndege mara nyingi hushika Pasifiki, na kurudi Singapore hushika Atlantiki na kupita Ulaya. Tazama kwa makini: pande zote mbili anaelekea mashariki. Anakwenda na upepo mgongoni na anarudi na upepo mgongoni, na akifika nyumbani ameizunguka dunia nzima. Njia inaweza kurefuka mpaka karibu kilomita 16,700, na bado ikawa nafuu kuliko kuifuata ile fupi. Ni masaa 18 na nusu hivi, au zaidi kidogo.

Ndege hiyo inabeba lita 165,000 za mafuta na ina viti 161 tu. Wengine wanashangaa kwa nini viti ni vichache kiasi hicho. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya mwanzo inachomwa kwa ajili ya kubeba mafuta ya mwisho. Ukiongeza watu unapunguza masafa.

Pili, mipaka ya angani. Kabla ya 2022 Helsinki hadi Tokyo ilikuwa kama masaa tisa na nusu kwa kukata juu ya Urusi. Anga ile ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ile ile ikawa karibu masaa 13, baadhi ya ndege zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini na nyingine zikizunguka kwa kusini. Viwanja havijasogea hata mita moja. Na hili si geni: wakati wa Vita Baridi ndege za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zinapita Anchorage, Alaska. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, ndio walioianza njia hiyo Februari 1957, kutoka Copenhagen.

Tatu, milima. Uwanda wa Tibet wastani wake unapita mita 4,500. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa ashuke haraka mpaka kama mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua. Juu ya Tibet hakuna mita 3,000 ya kushukia. Kwa hiyo njia nyingi zinaupita pembeni.

Nne, kimo cha uwanja wenyewe. Addis Ababa Bole uko mita 2,334 juu ya bahari, Johannesburg mita 1,694. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinapata shida, na siku ya joto shida inazidi. Ndege hairuki na uzito ambao ingeruka nao pwani. Ndiyo maana unaweza kukuta safari inakwenda moja kwa moja upande mmoja, lakini upande wa kurudi inatua njiani kuongeza mafuta. Delta, shirika la Marekani, wamewahi kuruka Atlanta hadi Johannesburg moja kwa moja, na kurudi wakapitia Cape Town, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari.

Mpima Anga

Mpanga Njia, umeokoa uzi. Hili la Singapore kurudi nyumbani kwa kuizunguka dunia nimelisoma mara mbili.

Bi Kibegi

Jamani mie sijui kosaini, nisaidieni jambo moja. Mwanangu yuko mbali, kila nikimwendea nakwenda kwa ndege mbili. Nikiangalia kwenye ramani naona ile ya kutua katikati ni kama najiongezea safari bure. Je, kweli ni ndefu hivyo?

Mpima Anga

Shikamoo Bi Kibegi. Mara nyingi siyo ndefu hata kidogo, kwa kilomita. Angalia London hadi Sydney. Moja kwa moja ni takriban kilomita 17,000. Ukipitia Singapore, ni 10,880 kujumlisha 6,300, jumla kama 17,180. Umeongeza chini ya kilomita 200, sawa na robo saa ya kuruka. Singapore iko karibu kabisa na mstari. Ukipitia Dubai unafika kama 17,500, bado si haba. Ukipitia Los Angeles ndipo unaharibu: karibu 20,800.

Kinachokula muda ni uwanja wa katikati. Ndege kushuka, kutambaa ardhini, wewe kusubiri masaa mawili au sita, kisha kupanda tena. Kwa hiyo unapolinganisha tiketi usiangalie "masaa ya kuruka" peke yake, angalia jumla tangu mlango wa ndege ya kwanza unafungwa mpaka wa mwisho unafunguliwa. Na kwako, mama yangu, nakuomba kitu kimoja: ndege zote mbili ziwe kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Mimi nililijua hili kwa gharama.

Nyongeza kwa wanaopenda historia: Desemba 1947 Qantas, shirika la Australia, walipoanza kuruka Sydney hadi London kwa ndege aina ya Constellation, safari ilikuwa siku nne. Machi 2018 walianza Perth hadi London bila kutua, kilomita 14,500 kwa masaa 17 hivi. Novemba 2019 wakafanya safari ya majaribio kutoka London hadi Sydney bila kutua, masaa 19 na dakika 19.

Bi Kibegi

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nitaiangalia hiyo tiketi.

Msafiri Kimya

Mimi nimejaribu hesabu yako kwa Sydney na Santiago, Chile. Sydney nimeweka 33.95 kusini, 151.18 mashariki. Santiago 33.39 kusini, 70.79 magharibi. Nimepata tofauti ya longitudo 221.97, nikaitoa kwenye 360 ikabaki 138.03. Mwisho nimepata nyuzi 101.98, yaani kilomita 11,340. Nikagawanya kwa 900, masaa 12 na dakika 36. Nimepatia? Ila sielewi kitu: miji yote iko latitudo karibu ileile, 34 kusini. Si ningenyoosha tu mashariki?

Mpima Anga

Umepatia, na umechagua mfano mzuri kuliko wangu. Kunyoosha mashariki kwa kufuata latitudo ya 34 kungekupa kama kilomita 12,770. Duara kuu linakupeleka kusini mpaka karibu latitudo 62, jirani na Antaktika, kisha linakupandisha tena. Unaokoa zaidi ya kilomita 1,400. Chukua ule uzi uukaze juu ya tufe, utauona ukizama kusini wenyewe.

Sasa masaa. Hiyo 12 na dakika 36 ni namba ya siku isiyo na upepo, na siku hiyo kule haipo. Kusini nako upepo wa juu unakwenda mashariki. Weka wastani mdogo wa 60. Kwenda Santiago gawanya kwa 960, unapata 11.8. Kurudi Sydney gawanya kwa 840, unapata 13.5. Ongeza nusu saa ya kutambaa ardhini, kupanda na kushuka. Inakuja kama masaa 12 na robo kwenda, na 14 kurudi. Ratiba za kweli za njia hiyo ziko hapohapo.

Mpanga Njia

Niongeze kwa Msafiri Kimya. Kule latitudo 62 hakuna uwanja wa kukimbilia. Ndege ya injini mbili lazima iwe na kibali cha kuwa mbali na uwanja wa dharura kwa dakika maalumu, zikihesabiwa kwa injini moja. Mwaka 1953 kikomo kilikuwa dakika 60. Mwaka 1985 kikaruhusiwa 120, ndipo injini mbili zikaanza kuvuka Atlantiki kwa kawaida, baadaye 180, na A350 ina idhini ya hadi 370. Bila kibali kirefu unalazimika kuikwepa ile njia fupi na kukaa karibu na nchi kavu. Ndiyo maana zamani bahari za kusini zilikuwa za ndege za injini nne.

Msafiri Kimya

Nimeelewa sasa. La mwisho: nimeona ratiba ya kuondoka Sydney 12:00, yaani saa sita mchana, na kufika Santiago 10:30 siku ileile. Imekosewa?

Mpima Anga

Haijakosewa. Kamwe usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika moja kwa moja. Peleka zote kwenye saa za UTC kwanza, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima. Mwezi wa sita Sydney iko mbele ya UTC kwa 10, Santiago iko nyuma kwa 4. Unaondoka 12:00, ambayo ni 02:00 UTC. Ongeza masaa 12 na nusu, ni 14:30 UTC. Toa 4, ni 10:30 Santiago, tarehe ileile. Umeuvuka mstari wa tarehe kuelekea mashariki, ukarudishiwa siku. Kurudi unaitoa: ukiondoka Santiago Jumatatu 13:00, masaa 14 baadaye unatua Sydney Jumanne 17:00.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe hapa, nimeona watu wakiumia nao. Tiketi inaandika 00:40 tarehe 15. Kwetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, na kichwani mwa mtu usiku ule bado ni wa tarehe 14. Akisoma tarehe 15 anafika uwanjani usiku wa tarehe 15, wakati ndege imeshaondoka usiku uliotangulia. Ukiona tiketi inaanza na 00 mpaka 05, jiandikie pembeni: "niwe uwanjani jioni ya siku iliyotangulia." Na mtu anayekwambia kwa simu "natua saa nane," muulize ni nane ya kwetu au ya kwenye tiketi, zinapishana masaa sita.

Kaskazi Njema

Hilo la 00:40 lilimkuta mjomba. Alichelewa siku nzima.

Msafiri Kimya

Basi narudi kwangu. Nitatoka Santiago kuelekea magharibi, natua Sydney, na nina ndege nyingine ya kuunganisha. Tiketi ni mbili, sikuweza kupata moja. Niache masaa mangapi?

Mpima Anga

Unakwenda dhidi ya upepo, na kama ni kati ya Juni na Agosti basi ni majira ya baridi kule, upepo uko kwenye nguvu zake. Ongeza uhamiaji, mzigo, na kukaguliwa upya. Chini ya masaa matano mimi nisingethubutu, na kama ndege ya pili ni ya mwisho kwa siku hiyo, lala Sydney uondoke kesho yake. Ukishapata namba za ndege zote mbili, angalia kila moja imetua saa ngapi kweli kwa wiki mbili au tatu zilizopita. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwenye tovuti za kufuatilia ndege. Ziweke hapa tuziangalie pamoja kabla hujalipa.